Ekari za Marehemu

Bei ya ardhi ufuoni imewashinda walio wengi. Mwalimu wa Malindi, nesi wa Kilifi au fundi wa Mtwapa akitamani ploti ya hamsini kwa mia karibu na bahari ya Watamu, itambidi akope hadi astaafu. Basi hugeuza uso akatazama bara. Huko, nyuma ya msitu wa Arabuko-Sokoke, katika jimbo la Ganze, iko Vitengeni, na pesa za ile ploti moja zinaweza kumpatia ekari kadhaa zenye miembe miwili mitatu na vichuguu vya kutosha. Dada aliyeko Doha au Riyadh humtumia kaka yake pesa amtafutie shamba. Kaka humtafuta dalali. Dalali naye ana maneno matatu: ardhi haiozi, haiibiwi, haipungui.

Kuibiwa inaibiwa, na wezi wa mbali tumeshawasema sana. Leo nataka kusema juu ya kupungua. Ardhi ya bara inapungua kila mwaka, na anayeipunguza mara nyingi si tajiri wa Nairobi wala mgeni wa kutoka Ulaya. Ni sisi wenyewe, kwa kuacha shamba kwa jina la mtu aliyezikwa zamani, kwa kuligawa hadi lisifae kitu, na kwa kuwanyima mabinti haki yao kana kwamba ni wapita njia. Shamba la Vitengeni linaweza kuwa akiba nzuri ya ukoo, lakini kwa sharti ambalo dalali halitaji: ukoo ujipange kwanza.

Vitengeni si Malindi, na tofauti hiyo ni ya kale. Malindi imo katika ule ukanda wa maili kumi ambao Sultani wa Zanzibar aliwaachia Waingereza wausimamie kwa malipo ya kila mwaka, kwa mkataba wa 1895. Mwaka 1908 ikatungwa sheria ya hati za ardhi, na waliojua njia ya ofisini wakafungua madai na kuandikwa. Waliokuwa shambani wakipalilia, bila kujua kuna daftari linalofunguliwa, wakaja kuitwa maskwota katika mashamba ya babu zao. Jeraha hilo limeandikwa hadi katika Sera ya Kitaifa ya Ardhi ya mwaka 2009. Vitengeni iko nje ya ukanda huo. Wakoloni waliihesabu kuwa eneo la wenyeji, na baada ya uhuru likawa ardhi ya amana chini ya baraza la kaunti. Kwa hiyo mtu wa Vitengeni hakunyang'anywa kwa hati ya 1908. Hakupewa hati, basi.

Si kwamba Wagiriama, wenyeji wa Vitengeni, hawakujua uchungu wa kuondolewa. Kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza walikuwa wamevuka mto Sabaki na kulima upande wa kaskazini, kwenye udongo mwema, na nafaka yao ilifika sokoni Malindi. Waingereza walitaka vibarua na kodi. Mekatilili wa Menza akawalisha watu kiapo cha kukataa, akakamatwa mwaka 1913 na kupelekwa Kisii. Mwaka uliofuata Kaya Fungo, kaya yao takatifu, ikalipuliwa kwa baruti na wakulima wa ng'ambo ya mto wakafukuzwa warudi kusini, kwenye nchi kavu. Kila ninaposikia mtu akisema watu wa bara wanauza ardhi ovyo kwa sababu hawajui thamani yake, huikumbuka habari hii. Thamani wanaijua. Wasichonacho ni karatasi inayokubaliana na hali ilivyo nyumbani.

Karatasi zilianza kuja na Sheria ya Uamuzi wa Ardhi ya mwaka 1968. Eneo hutangazwa, kamati ya wenyeji huundwa, kila mtu huonyesha mpaka wake, mpima huchora, kisha daftari hufunguliwa kwa siku 60 ili mwenye pingamizi aseme. Kazi hiyo huenda polepole, na ndani ya Ganze utakuta jirani mwenye hati, jirani aliyepimiwa ambaye bado anaisubiri, na kipande ambacho hakijawahi kuguswa na mpima. Kipande hicho cha tatu leo kiko chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016, na mtu mmoja hana uwezo wa kukuuzia, hata akikuonyesha kaburi la babu yake na muhuri wa ofisi juu ya mapatano.

Kaburi nalo lilikuwa ushahidi mkubwa. Kabla ya ramani, shamba lilijulikana kwa miti na kwa maiti: mwembe wa fulani, mikorosho ya fulani, mnyaa uliopandwa mpakani, na vigango, yaani nguzo za kumbukumbu za wazee wa chama cha Gohu, vilivyosimamishwa katika mudzi, boma la ukoo. Kigango hakihamishwi. Ndiyo maana wizi wa vigango, vilivyouzwa hadi vikafika makumbusho ya Marekani, haukuwa wizi wa sanaa peke yake. Uling'oa ushahidi wa nani alikaa wapi. Makumbusho ya Denver yalirudisha vigango 30, lakini kuvirudisha Kenya si sawa na kuvirudisha katika mudzi vilimotoka.

Mwanaanthropolojia David Parkin aliyeishi na Wagiriama katika miaka ya 1960 aliandika kitabu, Palms, Wine, and Witnesses, kilichotoka mwaka 1972. Alichokiona ni kwamba minazi na ardhi vilikuwa vikihama kutoka kwa wengi kwenda kwa wachache wenye akili ya biashara, na kilichoamua kesi ni mashahidi. Aliyekuwa na wazee wa kusimama naye alishinda. Mnazi uliweza kuwekwa rehani na ardhi ikabaki, au ardhi ikauzwa na minazi ikabaki kwa mwingine, na bila mzee anayekumbuka nani alimpa nani nini, hakuna aliyekuwa salama.

Siku hizi shahidi ni rejista ya ardhi. Ni shahidi asiyelewa mnazi wala kuhongeka kwa kitoweo (tuseme hivyo, tusigombane na wakubwa), lakini ana upungufu mmoja ambao wazee wale hawakuwa nao. Rejista haihudhurii matanga. Babu akifa, kijiji kizima kitajua kabla jua halijatua, ila rejista itaendelea kumhesabu kuwa hai na mwenye shamba hadi mtu aende akaiambie kwa njia ya mahakama. Na hapo ndipo familia nyingi zimesimama kwa miaka ishirini, thelathini. Shamba ni la babu, baba alilima na kufa, wajukuu wanalima, na hati iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki darini ina jina la mtu ambaye wajukuu hao hawakumwona.

Watu husema, "Hatuna ugomvi, ya nini mahakama?" Nawaelewa. Safari ya mirathi ina barua ya chifu, cheti cha kifo ambacho pengine hakikuchukuliwa, sahihi za warithi wote akiwemo yule aliyeko Dubai, tangazo katika gazeti la serikali, kisha kungoja miezi kadhaa kabla ya uthibitisho. Ina gharama, na nauli ya Kilifi au Malindi si haba kwa anayeuza makaa. Lakini tazama hasara ya kukaa kimya. Shamba la marehemu halichukuliwi na benki kuwa dhamana. Barabara au laini ya umeme ikipita juu yake, fidia hukwama kwa sababu hakuna wa kuipokea. Na kijana mmoja akizidiwa na shida akauza ekari mbili kwa karatasi ya mkono, ameuza kisichokuwa chake. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi kinasema kugusa mali ya marehemu bila idhini ya mahakama ni kosa, faini isizidi shilingi 10,000 au kifungo kisizidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Faini ni ndogo kuliko bei ya mbuzi wawili wazuri. Mwenye hasara kubwa ni mnunuzi, kwa kuwa mauzo hayo hayasimami.

Sheria hiyo ilianza kutumika mwaka 1981. Ziko wilaya ambazo ardhi yake ya kilimo iliachiwa mila, Tana River na Lamu zikiwemo. Kilifi haimo. Kwa hiyo anayesimama kwenye hanga la baba yake akatangaza kwamba kwa Wagiriama binti harithi, anatangaza jambo ambalo hakimu hatalitambua. Mtoto ni mtoto, aliyeolewa na asiyeolewa. Kwa familia za Kiislamu kuna Kadhi, na mafungu ya Kurani yanajulikana; huko pia binti ana fungu lake, hata kama ndugu zake husahau kulitaja.

Sasa tufanye hesabu ambayo familia nyingi huiogopa. Tuseme mzee ameacha ekari 22 na wake wawili. Nyumba kubwa ina mama na watoto sita, nyumba ndogo ina mama na watoto watatu. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Urithi kinazigawia nyumba kwa idadi ya watoto, na mjane huongezwa kama mtu mmoja. Nyumba kubwa ina watu saba, nyumba ndogo wanne, jumla 11. Basi ekari 14 huku, ekari 8 kule. Wajane wakishaondoka duniani, mtoto wa nyumba kubwa hupata ekari mbili na theluthi, wa nyumba ndogo ekari mbili na theluthi mbili. Yeye naye akiwa na watoto watano, kila mmoja amebakiwa na takriban nusu ekari.

Nusu ekari Kiambu yenye chai na maji ya bomba ni kitu. Nusu ekari Vitengeni, ambako mvua za mwaka zinaweza kukugeukia na za vuli zisije kabisa, si shamba. Ni mahali pa kujenga na kuzikwa. Ukame wa 2020 hadi 2022 ulipita misimu mitano mfululizo bila mvua za kutosha katika maeneo makavu ya Kenya, na Ganze ilikuwa miongoni mwa yaliyoumia. Mwenye ekari 20 alipoteza mahindi lakini mbuzi walipata vichaka vya kuguguna. Mwenye nusu ekari alikata mti wa mwisho akachoma makaa.

Kwa sababu hiyo siungi mkono wanaosema dawa ya magomvi ni kila mtu akatiwe chake apewe hati yake. Hati inaweza kuwa moja, ikaandikwa kwamba ndugu tisa wanamiliki kwa mafungu, kila mmoja na lake, na shamba likalimwa au likalishiwa mifugo bila kukatwakatwa. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 inaruhusu. Tangu mwaka 2021 pia familia inaweza kuunda amana yake na kuiwekea wadhamini, shamba likawa mali ya amana na wanaukoo wakawa wanufaika. Mawakili hupenda kuwauzia matajiri mpango huu, nami sioni kwa nini ukoo wa Vitengeni wenye ekari 40 usiutumie. Ugumu wake ni kukaa kikao na kuaminiana, na hiyo hakuna wakili anayeiuza.

Kuaminiana kumeingia kutu. Hapa sina budi kulisema lile ambalo kwalo Kilifi imekuwa ikisemwa vibaya kwa miaka. Wazee wetu wanauawa. Mtu akiota mvi, jicho likawa jekundu kwa moshi wa kuni, hunong'onwa kuwa mchawi, na usiku mmoja panga hushuka. Katika Ganze hii kuna Kaya Godoma, mahali palipogeuzwa kimbilio la wazee waliotishwa na watu wa nyumbani mwao. Machifu, polisi na watetezi wa haki za binadamu wamesema mara nyingi kwamba chini ya tuhuma za uchawi hukutwa shamba: mzee aliyekataa kuuza, au aliyeuza akala peke yake, au aliyechelewa kugawa. Uchawi ni nguo iliyovishwa tamaa. Akiba ya ukoo inayomfanya mtoto ahesabu siku za baba yake si akiba, na dalali anayenunua kutoka kwa vijana hao akijua mzee amezikwa kwa namna gani ana damu kwenye kidole alichowekea saini.

Lakini kwa haki, wazee nao wasikilize. Kijana wa miaka 35 mwenye mke na watoto, anayelima kwa ruhusa ya mdomo na asiyejua mpaka wake uko wapi, hawezi kupanda mkorosho. Mkorosho unataka miaka, na hakuna anayepanda miaka yake katika ardhi ya fadhila. Mzee akiandika wosia, au akigawa angali hai mbele ya watoto wote na mashahidi, hapunguziwi heshima. Anajiwekea ulinzi, kwa kuwa kifo chake hakitamfaidi mtu kwa jambo ambalo uhai wake umeshalimaliza.

Nirudi kwa mnunuzi wa Mtwapa na dada wa Doha, maana pesa zao ni za jasho. Kaka aende ofisi ya ardhi akafanye sachi yeye mwenyewe, asiletewe karatasi na dalali. Jina likiwa la marehemu, aondoke, arudi mirathi ikiisha. Ardhi ya kilimo inahitaji idhini ya bodi ya ardhi, na mapatano yasiyoombewa idhini ndani ya miezi sita huwa batili kisheria. Shamba likiwa mali ya ndoa, mke au mume wa muuzaji lazima akubali. Na hata hati ikiwa safi, mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilisema, katika kesi ya kampuni ya Dina Management dhidi ya Kaunti ya Mombasa, kwamba hati peke yake haimwokoi mtu ikiwa shina la umiliki limeoza. Uliza shamba lilitoka kwa nani kabla ya huyu, na kabla yake.

Akishanunua, asiliache. Hili wengi hawalijui. Mtu akikaa katika shamba lenye hati yako kwa miaka 12, wazi, bila ruhusa yako na bila wewe kumzuia, anaweza kwenda mahakamani akaandikwa yeye. Mwaka 2015 Mahakama ya Rufani iliyoketi hapa Malindi iliulizwa kama sheria hiyo haivunji Katiba, ikajibu kwamba haivunji. Anayenunua ekari kumi akasubiri bei ipande huku akikaa Qatar, anaweza kurudi akakuta bei imepandia mfuko wa mwingine.

Wapo pia wanaonong'ona juu ya madini, kwa kuwa wanajiolojia wanaijua Vitengeni kwa madini ya risasi na barite. Wasidanganyike kulipa zaidi kwa ajili hiyo. Kwa Katiba ya 2010 madini yote ni mali ya umma, hati iwe ya nani. Sheria ya Madini ya 2016 huigawia jamii ya mahali asilimia 10 ya mrabaha, kaunti 20, na 70 huenda serikali kuu.

Je, inalipa? Kama unanunua kwa ajili ya bei tu, nitakwambia kweli: weka pesa kwenye sacco yenye sifa au kwenye hati fungani za serikali, utalala. Shamba la bara halitoi gawio, halipati mnunuzi haraka siku unayougua, na bei yake hutegemea lami na maji ambavyo wanasiasa huahidi kila baada ya miaka mitano. Linalipa likitumiwa. Pojo na kunde huvumilia ukavu kuliko mahindi, ambayo tumeyang'ang'ania kwa sababu ya ugali tu. Mbuzi wana soko mwaka mzima. Miti ya mbao kama mvinje na mkilifi inamfaa mwenye subira. Mikorosho ina hadithi ya kuchukiza: kiwanda cha Kilifi kilianguka katika miaka ya 1990, wakulima wakaachwa na wachuuzi wanaopanga bei watakavyo, na marufuku ya 2009 ya kuuza korosho ghafi nje ya nchi haikuwarudishia bei waliyoitarajia. Miti mingi ya wakati ule sasa ni mizee. Lakini aliye na mikorosho ana kitu cha kuvuna, na aliyeikata akachoma makaa alikula mara moja.

Zao, hata hivyo, haliko katika mikono yetu sote. Majina yaliyo kwenye hati, ndiyo. Nina ombi kwa Serikali ya Kaunti ya Kilifi, kwa Wizara ya Ardhi na kwa Idara ya Mahakama. Tumezoea sherehe za kugawa hati: hema, ngoma, mgeni wa heshima na picha. Hatujaona hema la mirathi. Hakimu, msajili wa ardhi, karani wa vyeti vya vifo na chifu wakae Vitengeni wiki moja, kisha Bamba, kisha Jaribuni, na familia zimalize faili za babu zao bila nauli ya kwenda mjini mara sita. Na siku wakubwa watakapokuja tena kugawa hati, wananchi wawaulize hadharani: katika hizi, ngapi zina jina la mtu aliye hai, na ngapi zina jina la mwanamke?